Saa tano ya mjukuu wangu nusura iniache Maskati

Mhariri,

Mimi ni mtu wa Likoni na nauza viungo katika soko la Marikiti hapa Mombasa, kwa hivyo kila siku ya Mungu navuka feri mara mbili. Anayevuka pale anajua: meli kubwa ikiwa mlangoni inaingia bandari ya Kilindini, feri haina ubishi, husubiri ipite. Miaka mingi nimesimama juu ya feri na kikapu changu cha iliki, jua la utosini, nikitazama meli nyeupe ya watalii ikipita kama jumba la ghorofa lililong'olewa mahali pake, na watu wamejipanga huko juu wanatupungia. Wenzangu huwapungia nao. Mimi nilikuwa siwapungii. Nilikuwa nawaza kwamba baada ya saa mbili watu hao hao watakuwa mbele ya meza yangu, wanuse kila kitu, wapige picha, waulize bei ya zafarani, kisha waende zao bila kununua hata kijiti cha mdalasini.

Januari mwaka jana nilikuwa mmoja wao, na ndiyo maana naandika. Tangu gazeti lako litoe habari za msimu wa meli za kitalii, chama chetu cha akina mama kimeingiwa na wazimu wa kusafiri. Tuko 11. Kila jioni naulizwa maswali yale yale nikiwa nimechoka, basi leo nayajibu yote mara moja, wasome hapa. Sababu ya pili nitaifikia.

Binti yangu anaishi Sharjah, jirani na Dubai, na mumewe na watoto wawili. Ndiye aliyenilipia: usiku saba, kutoka Dubai hadi Maskati kule Omani, kisha Abu Dhabi na kisiwa cha Sir Bani Yas, na kurudi Dubai. Meli hizi hukaa Ghuba wakati wa baridi yao, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Ni miezi yetu ya kaskazi, ile ambayo majahazi ya Waarabu yalikuwa yakiteremka nayo hadi Bandari ya Kale na tende na mazulia. Mimi nilikwenda kinyume cha upepo: treni ya SGR mpaka Nairobi, kisha ndege.

Pesa kwanza, maana ndilo swali lenu. Bei mnayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja lakini wa chumba cha watu wawili. Ukienda peke yako unalipa karibu mara mbili. Akina mama, 11 hamgawanyiki kwa wawili. Mtafuteni wa kumi na mbili sasa hivi, na awe mtu asiyekoroma. Mimi nililala na mjukuu wangu wa kike katika chumba cha ndani, kisicho na dirisha, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote. Hakina ubaya wowote ila ukizima taa hujui kama ni adhuhuri au usiku wa manane. Mkiweza kuchagua, chagueni cha chini na cha katikati ya meli, hapo bahari haiwayumbishi sana. Mimi niliyezaliwa na feri nilijigamba kwamba siwezi kuchafukwa na roho. Usiku wa pili, mlango wa bahari wa Hormuz tumekwisha kuupita, nilitafuna tangawizi mbichi niliyoibeba kutoka mezani kwangu mwenyewe.

Halafu kuna pesa za chini kwa chini. Melini hakuna noti, kila kitu ni kwa kadi yao, na kadi haiumi mpaka siku ya mwisho. Soda unaandikiwa. Daktari wa meli unaandikiwa, tena kwa kalamu nene, kwa hivyo msitoke bila bima. Intaneti ni ya kununua. Na simu, kwa jina la Mungu, iwekeni kwenye ile alama ya ndege kabla meli haijaacha gati, kwa sababu katikati ya bahari hujishika yenyewe na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na dakika chache tu zaweza kumeza kredo ya mwezi.

Bakshishi nayo wanakukata wenyewe, iwe umependa au hukupenda. Sisi tulikatwa dola 12 kwa mtu kwa usiku, ambazo kwa usiku saba ni dola 84, zaidi ya shilingi 10,000 za kwetu. Nilipoambiwa kwamba ukienda pale kwenye dawati la mapokezi unaweza kuomba ziondolewe, siku ya tatu nilipanga foleni. Niliondoka kabla ya zamu yangu kufika, na nitasema kwa nini. Asubuhi yake nilikuwa nimemuuliza kijana anayetusafishia chumba kibla kiko wapi. Yeye ni mtu wa Lombok, Indonesia. Aliwasha runinga, akatafuta ile idhaa inayoonyesha ramani na meli kama kidudu chekundu, akatazama, kisha akachukua kitambaa cha kufutia vumbi akakitandika sakafuni kwa mshazari, kona moja ikielekea kabati. "Huku, mama. Mpaka saa sita. Baadaye meli itageuka." Alikuwa na miezi saba hajaona nyumbani na bado miwili. Kila siku nilipotoka kula chakula cha asubuhi nikirudi nakuta kile kitambaa kimetandikwa upya. Basi mtu kama huyo nimnyang'anye dola zake?

Karatasi. Viza ya Dubai iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikienda Omani na kurudi, mmetoka nchi na kuingia tena. Aliye na viza ya kuingia mara moja tu huwa ameimaliza siku ya kwanza. Omani nao wana sheria zao, ulizeni kila bandari peke yake kabla ya kulipa. Msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, sisi ni watu wa nchi ambayo kadi hiyo huulizwa. Waliochanjwa zamani wasitupe kadi zao: tangu 2016 hudumu maisha. Na fikeni Dubai siku moja mapema. Meli haijui kwamba ndege yako ilichelewa Nairobi.

Masanduku makubwa unayaacha gatini yakiwa na lebo, huletewa mlangoni. Lini, hakuna anayekuambia. Mimi dawa zangu za presha zilikuwa ndani ya sanduku, nikazipata saa nne usiku. Dawa, pasipoti na nguo ya kubadilisha viwe kwenye mkoba wa begani.

Chakula ni kingi mpaka aibu. Nguruwe yupo na ana kibao chake, lakini vijiko hutangatanga, kwa hivyo mimi nilijizoesha samaki, mayai na mboga, na nyama sikuigusa mpaka nilipouliza. Chai yao ni maji ya moto yaliyoonyeshwa majani. Bebeni masala yenu. Na mikono muioshe kwa sabuni, kwa sababu virusi vinavyoleta kuhara na kutapika melini havisikii sana ile dawa ya kupaka viganjani.

Sasa jambo ambalo sitaki mlifanyie mzaha. Kabla meli haijaondoka, abiria wote huitwa kwenye mazoezi ya dharura. Honi inalia mara saba fupi na mara moja ndefu, unaonyeshwa kituo chako na jinsi ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Watu walikuwa wananung'unika, mmoja amekuja na glasi yake mkononi. Mkwe wangu akaniambia kwamba sheria ilikazwa baada ya ile meli Costa Concordia kugonga mwamba Italia Januari 2012, watu 32 wakafa, na mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hawakuwa wamefanya mazoezi bado. Mimi sikuhitaji kuambiwa habari za Italia. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, nchi kavu inaonekana, watu wanasikia sauti za waliosimama ufukoni. Walikufa 272. Wiki ile upande wetu wa ng'ambo ulikuwa ukitoka matanga haya unaingia matanga yale, mpaka mikeka ya kukalia ikawa ya kuazimana. Basi nilifunga ule mkanda, nikaufungua, nikaufunga tena bila kutazama, na nikahesabu hatua kutoka mlango wa chumba changu hadi ngazi: 41. Mjukuu wangu aliona haya. Aone tu.

Haya, Maskati.

Meli ilifunga Mutrah, bandari ya Maskati, asubuhi. Bandarini hapo huruhusiwi kutembea kwa miguu, kuna basi la bure linalokupeleka hadi getini, na kutoka getini ni mwendo mfupi kando ya bahari mpaka sokoni. Binti yangu na wanawe walitaka kwenda kuona msikiti mkubwa wa Sultan Qaboos kisha kuogelea. Magoti yangu yalitaka soko. Tukaagana pale getini, na mjukuu wangu wa kiume, miaka 16, kijana aliyekulia Sharjah, akanipigia kelele: "Nyanya, usisahau, mwisho wa kurudi melini ni saa tano!"

Saa hizo ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Nikasema hawezi kuwa anamaanisha saa tano hii ya karibu. Basi ni saa tano usiku. Nikamshukuru nahodha kwa huruma yake.

Soko la Mutrah lina kivuli na vichochoro kama vya Mji wa Kale, na harufu iliyonipokea mlangoni ilikuwa ya kazi yangu. Nikasimama mbele ya duka la ubani. Sasa nielezeni, mwanamke ambaye ameuza viungo miaka 27 anaingiwaje na upumbavu kwa sababu tu amevaa miwani ya jua? Muuzaji akasema mfuko ni rial nane. Nane! Nikaona ni wa kuokota, nikatoa pesa. Nimekwenda hatua kumi ndiyo hesabu ikanijia: rial moja ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu, shilingi mia tatu na kitu. Nimetoa zaidi ya 2,600. Nikaufungua mfuko. Ubani wa manjano, nusu gome, vumbi tele chini.

Nyuma yangu sauti ya kike ikasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Umeshapigwa, mwanangu."

Nilimwamkia shikamoo kabla hata sijamwona vizuri. Mama mtu mzima, mkongojo mkononi, ameondoka Unguja msichana baada ya Mapinduzi ya 1964. Maskati wapo wengi kama yeye, ila kuambiwa ni kitu kimoja na kusikia "mwanangu" katikati ya soko la Waarabu ni kingine. Alinirudisha dukani, akamwaga ule mfuko juu ya meza ya watu, akachambua kwa kidole kimoja, akataka hojari ya Dhofar, vile vipande vyeupe vinavyoelekea ukijani. Kwa rial zile zile nane nikatoka na ubani ambao ukiushika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nikanunua na chetezo cha umeme. Hicho nacho nakisemea hapa: walinzi wa meli walikikamata mlangoni wakakifungia mpaka asubuhi ya mwisho. Chochote kinachopata moto, pasi, birika la umeme, koili ya kuchemshia maji, ni marufuku chumbani.

Adhuhuri soko hufungwa, wanalala mpaka alasiri. Mama yule akasema siwezi kukaa kizingitini kama mtoto yatima, twende kwake. Tulikula wali wa nazi na papa wa kukaanga. Aliniuliza kama Mombasa bado watu huuza mahamri asubuhi kwenye sinia. Aliniuliza Kiswahili cha watoto wetu kikoje, nikamwambia kimechanganyika. Tukaswali alasiri. Nikajinyoosha kidogo kwenye mkeka. Saa tano ya usiku iko mbali.

Ndipo mpwa wake akaingia, akanisalimu, akauliza meli yangu inang'oa saa ngapi. Nikamwambia kwa raha zangu. Akanitazama. "Saa tano usiku, shangazi? Una karatasi?" Ile karatasi ya ratiba wanayoipitisha chini ya mlango kila jioni nilikuwa nimeikunja kwenye pochi bila kuisoma, miwani ya kusomea iko melini. Akaikunjua. Abiria wote wawe ndani: 17:00. Saa kumi na moja jioni. Mtoto wa Sharjah alikuwa amesema "saa tano" kwa kuhesabu kama Mzungu, na mimi nikasikia kama Mswahili. Akanigeuzia simu yake: saa kumi na dakika 34.

Sikumbuki kama niliaga vizuri, na hilo linaniuma mpaka leo. Nakumbuka viatu nimevibeba mkononi, nakumbuka lile gari, na msongamano wa barabara ya kando ya bahari. Nakumbuka basi la getini ambalo dereva wake alikuwa ametulia anakunywa maji, nikamwambia kwa Kiswahili "mwanangu washa gari" na akawasha. Nilipanda ngazi ya meli saa kumi na dakika 53. Binti yangu amesimama juu, uso umemvimba kwa kulia. Huko ghorofani watu walikuwa wamejipanga kama kwenye sinema, wanatazama nani atachelewa, na niliposhika ngazi wakanipigia makofi. Makofi yale sikuyapenda.

Basi sikilizeni. Meli haimngoji mtu. Ukienda matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe, basi likichelewa watawasubiri. Ukienda kivyako, wanang'oa, na kwenda bandari inayofuata ni kwa nauli yako. Soma ratiba mwenyewe, saa zilizoandikwa kwa tarakimu 24. Pale chini huwa na namba ya wakala wa bandari, ipige picha. Beba nakala ya pasipoti. Na kabla ya kutengana na watoto waliokulia ng'ambo, waambie waonyeshe saa kwa vidole.

Abu Dhabi sina la kusema, nililala. Sir Bani Yas walitaka kuniuzia safari ya kwenda kuona twiga. Twiga! Nikamwambia mwenye tiketi natoka Kenya, akacheka yeye kwanza.

Sasa ile sababu ya pili, Mhariri, na hapa nawaambia wenzangu wa Marikiti, wenye tuktuk, mabroka wa Fort Jesus, na wanaohusika na bandari na utalii wa mji huu. Tumezoea kusema watu wa meli ni bahili. Mimi nimesema hivyo miaka 27. Lakini nimekaa upande wao kwa mchana mmoja. Mtu anayeshuka pale gati namba 1 ana saa sita au saba, na moja ya hizo iko foleni. Hajui shilingi mia tano ni kubwa au ndogo. Hajui choo kiko wapi, na ana miaka sabini. Moyoni mwake kuna ile ngazi ya meli inayoinuliwa. Ukimvuta mkono huku mwingine anamvuta huku, hawezi kununua, anaweza kukimbia tu.

Ninachoomba hakihitaji kamati. Getini pawe na ubao wa nauli za tuktuk kwenda Mji wa Kale na kurudi, wenye kuchajiwa zaidi wajue pa kusema. Choo safi Marikiti na karibu na Fort Jesus, hata cha kulipia. Na anayempeleka mgeni amwambie, bila kuulizwa, wataondoka saa ngapi ili wafike kwa wakati.

Kwa upande wangu nimefanya nilichoweza. Nilikwenda Biashara Street nikanunua saa ya ukutani kwa shilingi 650, nikaitundika juu ya magunia ya pilipili mahali ambapo mtu akiinua kichwa anaiona. Viungo nimeviandikia bei kwa shilingi na kwa dola. Mwezi wa Disemba alikuja bibi mmoja Mjerumani, jasho linamtoka, dereva wake anamwambia haraka haraka. Akaiona saa. Akatazama karatasi yake ya meli, akaitazama saa tena, kisha akavuta kigoda akakaa. Alinywa kahawa chungu vikombe viwili, akanusa iliki zote, akachukua robo kilo.

Siku hiyo jioni feri yetu ilisimamishwa kupisha meli yake. Nilipunga.

Muuza viungo,
Likoni, Mombasa